Shingo Ilipotulia

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ukisikia sauti ya mwanamke kutoka ghorofani inapiga kelele "Mwizi!", usijisumbue kugeuka. Ni Vicky huyo. Makuli wanaoshusha mizigo hawageuki, mama ntilie hageuki, na Muhiddin muuza vitambaa, ambaye duka lake limepakana ukuta na duka la baba yake Vicky, huinua mkono tu huku anaendelea kupima kitambaa, akajibu, "Poa, Vicky!" Mgeni ndiye anayeshika mfuko wake. Wenyeji wamezoea miaka mingi.

Lakini hilo neno Vicky hakuzaliwa nalo, na hapa ndipo hasira humpanda hata anayesimulia tu. Alipokuwa na miaka saba, shingo yake ilianza kuruka. Inaruka kushoto, macho yanapepesa, halafu kooni inatoka "hap!" ambayo mwenyewe hakuitaka. Akisikia neno jipya likarudiwarudiwa, linamganda. Kaka yake Lucky, wakati huo ana miaka kumi, aliligundua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto mjanja, ila ule ujanja wa kipuuzi. Akawa anamkalisha ngazini anamnong'oneza, "Mwizi, mwizi, mwizi," asubuhi mpaka jioni, mpaka neno likashika. Kisha anamteremsha dukani wateja wamejaa, yeye anajificha nyuma ya mabeseni na kusubiri. Shingo inaruka. "Mwizi!" Lucky chali, anajishika mbavu kwa kicheko. Ulikuwa mchezo wa wiki moja, jamani, na neno likakaa miaka kumi na tisa.

Baba yao, Mzee Aristides, ni Mchaga wa Rombo, Mangi kama mtaa unavyowaita Wachaga wenye maduka, muuza vyombo kwa jumla: sahani, chupa za chai, mahotipoti, mabeseni. Mtu wa kanisa, mtu wa kamati, suruali imepigwa pasi ikasimama. Yeye alikuwa na hukumu moja tu kuhusu binti yake. "Anafanya makusudi." Wateja wakubwa wakija, alikuwa anachukua kijiko cha chuma rafuni, anamwekea Vicky katikati ya meno. "Kaa nacho. Kikidondoka, leo hakuna kula." Na mtoto anakaa kwenye kigoda, kijiko mdomoni, shingo inaruka, mate yanamtiririka mpaka kwenye kola ya sare ya shule. Wateja wanaangalia pembeni. Siku nyingi alilala na njaa, maana hakuna mtoto mwenye hiyo shingo anayeweza kushika kijiko saa nzima.

Alipofika miaka kumi na miwili, neno lilimtoka mbele ya Mama Blandina, mteja mkubwa kutoka kwao Rombo, mama mzito na heshima zake, duka limejaa. Yule mama alitoka bila kuaga. Sasa Wachaga wana jani lao, isale. Mama yake Vicky, Mama Severa, alikuwa amelipanda kwenye ndoo ya rangi pale roshani, alikuja nalo kutoka kijijini likiwa na shina lake. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unakata jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akishaletewa jani, hawezi kukataa. Hata kama ulimuulia ng'ombe, atapokea. Na akishapokea, jambo limekwisha. Atakayelifufua ndiye mwenye kosa jipya. Basi Mzee Aristides akamkatisha Vicky jani, akampeleka mpaka kwa yule mama, akampigisha magoti kwenye sakafu mbele ya wageni. Vicky akanyoosha jani. Shingo ikaruka. "Mwizi!" Mama Blandina alipokea jani huku amegeuza uso, na walipofika nyumbani mkanda wa baba ulifanya kazi yake.

Mama Severa hakuwa mtu wa kupingana na mumewe, lakini siku moja alimchukua bintiye kimyakimya mpaka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari, mama mmoja mpole, alimwangalia Vicky nusu saa, akaandika karatasi. "Ugonjwa huu unaitwa Tourette," alisema. "Si pepo, si wazimu, si jeuri. Mwili unatuma amri ambazo yeye hakuzitoa. Anaweza kuzuia kidogo, kama wewe unavyozuia chafya, lakini zitatoka tu. Msimpige." Mama Severa alilia njia nzima. Mzee Aristides aliisoma ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. "Daktari hajakaa na huyu mtoto," alisema. "Mimi nimekaa naye. Makusudi hayo."

Kilichomwokoa Vicky ni kinanda. Mwalimu wa kwaya ya parokia yao, Melkiori, mwembamba, mkali, hana subira na mtu yeyote, alimkuta siku moja amekaa peke yake kwenye kinanda cha kanisa baada ya misa. Alikuwa anapapasa wimbo wa maingilio kwa vidole vyote kumi, hakuna aliyemfundisha. Na shingo imetulia. Tuli! Melkiori alisimama nyuma yake wimbo mzima, na ile shingo haikuruka hata mara moja. "Kumbe na wewe una mapumziko," alimwambia. Toka siku ile akawa mwanafunzi wake. Mama Severa zamu yake ilipofika ya kupokea fedha za mchezo wa kuchangiana wa akina mama, alimnunulia kinanda chake mwenyewe, cha mtumba lakini kizima, kikawekwa kwenye kachumba cha nyuma. Mzee alinung'unika, akazoea. Mara nyingine Vicky alipiga saa nne mfululizo, si kwa kupenda muziki tu. Ni kwamba pale ndipo mwili wake ulipokuwa wa kwake.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Kwaya ilipata nafasi ya kurekodi, nyimbo nane na video zake, Jumamosi saa nane mchana. Melkiori akasema hadharani kwamba mpiga kinanda ni Vicky, asiyetaka akaimbe kwaya nyingine. Vicky ana miaka ishirini na sita, hajawahi kuitwa mbele ya watu isipokuwa kwa kupigishwa magoti. Alishona sare mpya. Aliipiga pasi mara tatu. Alikuwa anamwambia mama yake, "Mama, watu wataniona nimetulia. Watanionaga hivyo hivyo kwenye simu zao, nimetulia." Hiyo tu ndiyo aliyokuwa anaitaka katika dunia hii.

Na ndiyo aliyokuwa haitaki baba yake. Lucky alikuwa anaoa. Mchumba wake, Stella, anatoka ukoo mkubwa kule kule Rombo, na wajomba zake walikuwa wameanza kuulizauliza, kama ilivyo desturi: kwenu kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna wachawi? Mzee Aristides alikuwa amewajibu hakuna. Sasa video? Kabla na baada ya wimbo, shingo ile, neno lile? "Itazunguka kwenye simu mpaka Tarakea kule Rombo," alimwambia Lucky Ijumaa mchana, mlango wa stoo umefungwa. "Unataka mke au unataka kinanda?"

Lucky sasa ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, mcheshi, anapendwa. Anakaa Kimara na kusimamia ghala la baba yake Mbagala. Kariakoo anakuja Jumamosi tu, ila Ijumaa hiyo baba alikuwa amemwita. Alitoka stoo akapanda ghorofani, akamkuta mdogo wake anafuta vumbi kwenye kinanda.

"Kesho unakibebaje hiki?" alimuuliza.

"Nitatafuta bajaji. Hap! Mwalimu kasema nifike saa saba."

"Bajaji ya nini na mimi nipo? Nitakubebea mwenyewe."

"Kweli, kaka?"

"Nikudanganye ili iweje?" Akambinya shavu. Vicky alimkumbatia, shingo ikaruka, kichwa kikampiga kidevuni, wakacheka wote wawili.

Na kweli alikibeba mwenyewe, maana kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi saa nne asubuhi, Vicky yuko bafuni, Lucky aliingia kwenye kile kachumba, akachomoa waya, akakitia kinanda begani bila hata mfuko wake, akashuka. Mchikichini alikuwa na jamaa wa kukinunua. Kazi ya dakika tano.

Vicky alitoka na taulo kichwani akakuta stendi tupu. Mara ya kwanza alifikiri kaka kamtangulia, akafurahi, masikini. Kisha akaona mfuko wa kinanda umeachwa sakafuni, na saa ukutani inasema saa nne. Alikimbilia roshani. Kule chini Lucky anakata watu upande kwa upande, kinanda begani, waya unaburuzika, na haendi upande wa kanisa. Mlangoni mwa duka baba yake amesimama mikono nyuma, anamwangalia Lucky anavyokwenda, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Vicky akaelewa yote kwa mpigo.

Shingo iliruka vibaya. "Mwizi!" alitoka nalo. "Hap! Mwizi! Mwizi!"

Hakuna aliyegeuka. Kuli mmoja alipita na gunia lake. Muhiddin aliinua mkono kutoka dukani kwake. "Poa, Vicky!"

Hapa nisikilize vizuri. Vicky aliuona ule mkono wa Muhiddin. Aliona mtaa mzima haukugeuka, na akajua kwa nini haukugeuka. Alishuka ngazi peku, na gauni la nyumbani, akapita mbele ya baba yake kabla hajamshika. Lucky alisikia vurugu nyuma akaanza kukimbia. Vicky akamfuata. Neno lilikuwa limemjaa kooni linataka kutoka, na yeye akalizuia. Alilizuia akipita kwa wauza mashuka, alilizuia akiruka mkokoteni, kwa nguvu zile zile alizokuwa akishikia kijiko, mpaka machozi yanamtoka. Hakutaka litoke pale, kwa watu wanaomjua. Lingepotea bure.

Lucky akakunja kona ya Mtaa wa Kongo, na Vicky nyuma yake. Kongo siku ya Jumamosi wewe unaijua: machinga mpaka katikati ya barabara, watu wa kila mkoa, hakuna anayemjua mtoto wa mtu. Hapo Vicky akasimama. Akavuta pumzi. Shingo yake ilikuwa imetulia, tuli, kama yuko mbele ya kinanda. Akanyoosha kidole, na kwa sauti safi ambayo haijawahi kumtoka maishani mwake, akasema:

"Mwizi! Huyo mwenye kinanda! Mwizi!"

Lucky aligeuka. Walitazamana, labda sekunde moja. Kisha mtu akamtega mguu.

Ukiona kundi la Kariakoo linampiga mtu, hutauliza tena moto wa jehanamu ukoje. Hawaulizi jina. Aliyekuwa anauza soksi ameacha soksi zake kaja na ubao, aliyekuwa anakula muhogo kaja na mdomo umejaa. Vicky alijitupa katikati. "Mwacheni! Ni kaka ya... Mwizi! Hap! Mwacheni, ni kaka... Mwizi! Mwizi!" Sasa lilikuwa linatoka lenyewe, mwili wote umechachamaa, kila anapotaka kusema kaka linatoka mwizi, na kila likitoka wanampiga zaidi. "Tumekusikia, dada, kaa pembeni," mmoja alimwambia kwa upole kabisa, akamsogeza, akarudi kupiga. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Likawa linatoka katikati ya vidole.

Aliyemwokoa Lucky ni Muhiddin. Alikuwa amemwona Vicky akipita mbio peku, moyo ukamkataa, akafuata. Mzee wa watu na kanzu yake nyeupe alijirusha juu ya kijana akalala naye kwenye matope. "Huyu mtoto wa Mangi Aristides!" alilia. "Na yule pale ni mdogo wake, mgonjwa! Wallahi mnaua mtu bure!" Alipigwa ngumi mbili tatu kabla hawajamsikia. Walipotawanyika, kila mtu alirudi kwenye meza yake kama waliokuwa wanasubiri mvua ipite. Kinanda hakikuonekana tena. Mwizi wa kweli alikuwepo palepale, akajichukulia.

Lucky alivunjika taya, mbavu nne, mkono wa kulia. Jicho la kushoto daktari alisema halipo tena, wasilingojee.

Polisi walikuja kumchukua Vicky maelezo. Ndipo Mzee Aristides, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, alifungua ile droo, akaitoa ile karatasi, akaikunjua. "Binti yangu ni mgonjwa, afande. Soma mwenyewe. Inaitwa Tourette. Neno linamtoka bila yeye kutaka. Mtaa mzima ni shahidi."

"Baba," alisema Vicky. "Nilikusudia."

"Nyamaza, mwanangu."

"Nilikusudia, baba. Nilisubiri mpaka Kongo."

Mzee alimkumbatia. Hajawahi kumkumbatia. "Unamsikia, afande? Amechanganyikiwa. Ni ugonjwa tu, mwanangu, ni ugonjwa, hujakosea kitu." Miaka kumi na tisa mtoto alikuwa anaapa kwamba ni ugonjwa wanamwambia makusudi. Leo anasema makusudi, wanamwambia ugonjwa. Polisi alifunga daftari lake, akampa pole.

Alimwambia mama yake, mama akamfunika khanga na kumwambia alale. Alimwambia Melkiori, Melkiori aliondoa miwani, akasema, "Usijibebeshe, binti." Kwaya ilirekodi bila yeye. Hata wajomba wa Stella walituma salamu za pole kwamba wameelewa, ni ugonjwa wa hospitali, si wa ukoo, na harusi itasubiri kijana apone. Aibu yote aliyoiogopa mzee haikuwepo. Ilikuwa kichwani mwake tu.

Wiki ya sita Lucky alirudishwa nyumbani Narung'ombe. Jumapili hiyo baada ya misa, Vicky alikwenda roshani, akakata jani la isale kwenye ile ndoo, akalipiga fundo, akalificha chini ya khanga. Alikuwa ameamua. Atapiga magoti, atasema yote mbele yao, na jani likiwa mkononi hawatakuwa na la kufanya ila kumsikiliza.

Aliingia sebuleni. Baba amekaa, mama amekaa, Lucky kwenye kochi na kitambaa kwenye jicho. Kabla Vicky hajafungua mdomo, Lucky aliinuka, akajikokota, akapiga magoti mbele yake. Mkono wake ule mzima ulikuwa umeshika jani la isale.

"Mimi ndiye niliyekufundisha hilo neno," alisema, taya halifunguki vizuri. "Mimi ndiye niliyekiiba kinanda chako. Nimekosa, mdogo wangu."

Mama Severa aliangua kilio. Mzee Aristides alitazama chini. Vicky alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, kaka. Mimi ndiye... hap!... nimeleta la kwangu."

"Pokea," alisema baba. "Isale haikataliwi, Vicky. Unalijua hilo."

Akapokea. Na alipotoa jani lake kutoka kwenye khanga, mama alimshika mkono taratibu, akalichukua. "Mgonjwa haombi msamaha, mwanangu," alisema, akalitia mfukoni.

Kisha mzee akasimama, akaenda chumbani, akatoka na boksi. Kinanda kipya, kikubwa, cha dukani, hata plastiki hakijavuliwa. Alikipanga mwenyewe, akachomeka waya, akavuta stuli. "Tupigie, mama," alimwambia bintiye. Vicky alikaa. Akapiga wimbo wa maingilio. Shingo ikatulia, mabega yakashuka. Wazazi walishikana mikono, wanalia kwa furaha, jamani, wanalia kwa furaha.

Lucky alikuja akakaa karibu yake kwenye stuli, upande wa jicho lililobaki. Alimwangalia shingo kwa muda mrefu. Akainama sikioni, sauti ya chini, ile ile ya ngazini.

"Niligeuka nikakuona, Vicky," alimwambia. "Pale Kongo. Ilikuwa imetulia hivi hivi."

Vidole vilisita. "Kaka, ngoja niwaambie. Tuwaambie."

"Umeshapokea jani. Halisemwi tena." Akamwekea mkono begani, mama yao akawaona hivyo akatabasamu. "Piga tu. Kila Jumapili nitakuja kukaa hapa, nikuangalie unavyotulia."

Vicky akaendelea kupiga, maana akiacha shingo ingeruka na neno lingetoka.